Siku ya Usingizi

Haya alinisimulia mjukuu wangu muuguzi asubuhi ya Ijumaa, akivua viatu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akapanda treni akitaka apate japo lepe la usingizi, maana huku nyumbani mapacha wake wakishaamka, hakuna kulala.

Kando yake aliketi mzee mmoja fundi saa, na gazeti lake. "Siku kama ya leo," mzee akasoma kwa sauti, "mji fulani ulipata taa za barabarani."

"Hongera zao, babu," akajibu, macho kayafumba.

"Tena leo ni Siku ya Usingizi Duniani."

"Basi niache niiadhimishe."

"Ningenyamaza, binti, ungeijuaje?"

"Na Siku ya Kunyamaza ni lini?"

Mzee akapekua kurasa taratibu, kama anayetafuta skrubu iliyodondoka. "Hawakuiandika. Nadhani kila mtu anajichagulia yake."

"Mimi nachagua leo."

Fundi akacheka, akakunja gazeti. "Haya, lala. Unashuka wapi?"

"Sokoni."

"Hata mimi. Nitakuamsha. Fundi saa hapitwi na kituo."

Kabla mjukuu wangu hajasinzia, akasikia mkoromo. Fundi saa huyo, kinywa wazi, gazeti kifuani. Ikabidi yeye akae macho mpaka sokoni, ili amwamshe mzee.

"Sasa bibi, niambie," akasema, "kati yangu na yule fundi, nani aliyeiadhimisha..." Hakumaliza. Alikuwa amelala kitini, kiatu kimoja mguuni. Mapacha wakaja mbio, nikawazuia mlangoni: "Polepole, wanangu. Leo ni sikukuu ya mama yenu."