Mashine Iliyoitikia Marahaba

Wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi leo sauti yangu ikiwa nzito. Natoka matangani, na miguu inaniuma. Tena ninayetaka kuwasimulia habari zake alikuwa mtu wa miguu. Jina lake Nassibu Abbasi. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Lakini kama una duka Kariakoo, na kama uliwahi kuomba kitabu cha maktaba kwa simu, basi ulishazungumza naye. Hukujua tu.

Nassibu Abbasi. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na sita. Kazikwa siku hiyohiyo, makaburi ya Kisutu.

Alizaliwa Mtaa wa Sikukuu. Akakulia hapo, akaoa hapo, akafiwa na mke hapo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, lakini yeye na sindano hawakuelewana. Akiwa kijana akapata kazi kwenye maktaba moja ndogo ya jumuiya, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Kazi yenyewe kupanga vitabu. Msomaji akiondoka, Nassibu anakusanya vitabu mezani, anavirudisha mahali pake. Miaka thelathini na nane, wasikilizaji. Thelathini na nane ya kuinama na kuinuka.

Kisha watu wakaacha kuja. Si kwamba walichukia kusoma, walikosa nafasi. Mwenye duka Kariakoo anafungua asubuhi, anafunga jioni. Akitoka kidogo tu, mteja kahamia kwa jirani. Maktaba ataenda saa ngapi? Ndipo mkuu wa maktaba, dada Caroline, alipopata wazo. Kama watu hawaji maktaba, maktaba iende kwenye simu zao. Mtu afungue tovuti, atafute kitabu, abonyeze, aletewe dukani.

Wazo zuri. Ila pamoja na wazo hilo ilikuja barua kutoka kwa kamati ya maktaba. Barua ilisema kazi ya kupanga vitabu itakoma mwisho wa mwaka, kwa kuwa sasa simu itafanya kila kitu. Mzee Nassibu akaisoma amesimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaendelea kupanga vitabu.

Vijana wa kompyuta wakaitengeneza tovuti. Mwanzoni waliijaza mapicha. Ukiifungua kwa simu ya kawaida, bando linakwisha kabla hujaona hata jina la maktaba. Wakaambiwa, wakaipunguza, ikafunguka vizuri. Lakini sehemu ya kuwajibu watu ikagoma. Ombi linaingia kwenye simu ya maktaba, linakaa humo, hakuna jibu. Na vijana wenyewe walishapata kazi kwingine, ukiwapigia hawapokei. Wakati huo tangazo limeshabandikwa Kariakoo nzima: Utajibiwa na mfumo wetu papo hapo.

Caroline akashika tama. Kamati ilikuwa imempa miezi mitatu ya majaribio. Huduma ikionekana ya uongo, inafungwa.

Mzee Nassibu alikuwa pembeni, anafuta vumbi. Akasema, "Hiyo simu nipe mimi."

"Mzee, tumeshatangaza ni mfumo. Wakijua ni mtu, watasema tumewadanganya."

"Hawatajua. Nitawajibu kama mashine."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwenye karatasi akaandikwa mpeleka vitabu. Wenye siri ni yeye, binti yake na Caroline. Siri ikitoka, huduma imekwisha, na yeye kibarua kimeota nyasi.

Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri. Hayo aliyaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja, miwani puani. Kisha anakitafuta kitabu, anakitia kwenye mfuko wa kitambaa, anavuka Mnazi Mmoja kwa mguu. Jua la saa saba, yeye njiani. Akifika dukani anakuwa mtu mwingine. Anakabidhi kitabu, anafuta jasho, anajifanya hajui lolote.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja, mzee Melkiori, mtu wa Rombo, mwenye duka la jumla la sabuni. Huyu alipenda vitabu vya historia, na alipenda kufoka. Aliandika kwenye simu: "Mashine gani hii? Kobe ana nafuu!" Mzee Nassibu aliusoma ujumbe huo akiwa amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani, anasugua goti. Akajibu: Samahani kwa usumbufu. Tafadhali subiri. Akainuka, akaingia.

"Karibu, mzee mwenzangu," Melkiori akamwambia. "Kunywa maji. Na hao wenye mfumo kawaambie ni mzito."

"Nitawafikishia," akasema Mzee Nassibu. Akanywa maji.

Alichoka, wasikilizaji wapendwa. Tusipambe. Miezi mitatu ikapita, kamati ikaridhika, huduma ikaongezewa muda, na yeye akaongezewa mizigo. Alijikaza kisabuni, lakini alichoka. Binti yake, Chiku, ananiambia hivi: "Baba akirudi anatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na simu iko mkononi. Namwambia, baba, zima hiyo simu. Ananiambia, mashine haizimwi."

Halafu siku moja ukaja ujumbe wa ajabu. Uliandikwa na Anifa, msichana anayeuza zipu na vifungo Mtaa wa Mchikichi. Uliandikwa hivi: "Shikamoo. Naomba kitabu cha kukata nguo."

Nani anaiamkia mashine? Tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumwamkia. Mzee Nassibu alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, anasubiri magari yapite. Kidole kikaandika chenyewe, kama ambavyo mdomo ungesema: "Marahaba, mwanangu. Ombi lako limepokelewa." Akatuma. Ndipo akili ikamrudia. Magari yakapita, watu wakavuka, yeye kaganda palepale na simu yake.

Anifa anasema, "Nilishtuka. Nikajiuliza, mashine ina wana?"

Mzee alipofika dukani, Anifa akasema, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba." Wakatazamana. Anifa akamsogezea kigoda.

"Mwanangu," Mzee Nassibu akasema, "usimwambie mtu. Nakuomba."

Anifa hakumwambia mtu. Nimemuuliza kwa nini aliamkia mashine. Akacheka kidogo, machozi yako karibu. "Nyumbani tumefundishwa ukitaka kuomba kitu, unaanza na salamu. Sikujua kama ni mashine au mtu. Nikasema heshima si utumwa."

Tangu siku hiyo, kila saa mbili asubuhi Anifa alituma neno moja: Shikamoo. Naye anajibiwa neno moja. Chiku anasema baba yake alikuwa havai viatu mpaka ameitikia.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, Anifa alituma. Hakujibiwa. Akatuma tena. Saa nne akafunga duka, akaenda maktaba mbio. Alimkuta Caroline analia.

Mzee Nassibu alikuwa amekaa kitandani kwake Mtaa wa Sikukuu, anajiandaa kwenda kazini. Chiku alimkuta miguu mitupu, viatu viko mbele yake. Daktari amesema ni moyo.

Jioni, baada ya kuzika, Chiku aliishika ile simu. Ilikuwa imejaa. Nimeiona kwa macho yangu. Mfumo leo haufanyi kazi? Nimeomba tangu asubuhi, vipi? Nyie maktaba, mnatuchezea? Caroline alikuwa amekaa naye kwenye mkeka. Wakatazamana. Kisha Caroline akatikisa kichwa kukubali, na Chiku akamjibu kila mmoja maneno yaleyale: "Hapakuwa na mfumo. Alikuwa baba yangu, Nassibu Abbasi. Tumemzika leo. Msameheni kama alichelewa."

Kesho yake wakaanza kuja. Wauza vitenge, wauza vyombo, mafundi. Kila mmoja na kitabu chake mkononi, anakirudisha. Mzee Melkiori alikuja na viwili ndani ya boksi la sabuni. Akakaa mkekani, hakufoka. Alisema, "Nilimtukana huyu mzee. Halafu nikampa maji anywe. Sikujua ni mtu mmoja."

Kamati nayo imeshajua. Haijasema kitu. Tovuti bado inafunguka, haili bando, lakini ukiomba kitabu hujibiwi. Caroline ananiambia wanatafuta mtu. Safari hii anasema mtu, hasemi mfumo.

Chiku, pokea pole yetu. Pole kwa ndugu wote wa Mtaa wa Sikukuu, pole kwako dada Caroline, pole Anifa. Mola ampumzishe Mzee Nassibu, na hasa ampumzishie ile miguu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri, nimechoka. Nina ombi moja. Kesho ukiandika kwenye simu yako kuomba chochote, kabla hujafoka, amkia. Huenda upande wa pili kuna mtu anasugua goti.

Nami nina deni la kusema ukweli. Katika simu ile nimeukuta ujumbe wangu, wa mwezi uliopita. Nilikuwa nimeandika: "Mfumo wa kijinga." Chini yake kuna jibu: Samahani kwa usumbufu. Tafadhali subiri. Kitabu kililetwa hapa mapokezi saa nane mchana, jua kali, na sikushuka kumwona aliyekileta.

Kitabu hicho ninacho hapa mezani. Nikitoka studio nakirudisha Mnazi Mmoja, kwa miguu.

Shikamoo, Mzee Nassibu.