Mletaji wa Kurasa

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba historia hii sikuiandika peke yangu, marehemu aliianza mwenyewe akiwa mgonjwa, katika karatasi saba, ukurasa mmoja kwa kila hatua, kisha akazigawa kwa watu mbalimbali, nasi akatuachia kadi moja tu inayoonyesha ukurasa gani uko kwa nani. Aliyemfahamu hatashangaa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 3 Juni 1964, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba karani wa posta na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya posta yenyewe, na ukurasa huo wa kuzaliwa tumeukuta kwa shangazi, ndani ya mkoba wake, umekunjwa mara nne. Shangazi, ambaye ana miaka themanini na minane na yuko hapa mbele ananitazama, ameagiza nisiruke jambo moja ambalo halikuandikwa, kwamba mtoto yule alichelewa kutembea, kwa sababu chochote alichokitaka alikiomba, na akishaanza kuomba hanyamazi mpaka kiletwe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971, na akiwa darasa la nne, mwaka 1974, ndipo alipoipata kazi ya maisha yake bila yeye wala mwalimu kujua, maana darasa zima la wanafunzi arobaini na wawili lilikuwa na kitabu kimoja cha jiografia, nacho kilikuwa kimeachana na jalada lake, mwalimu akaamua kukigawa kurasa kurasa, akampa dada yetu daftari la kuandika ukurasa upi uko dawati lipi. Aliyetaka ukurasa ambao haukuwepo aliambiwa angoje, dada anainuka, anazunguka madawati, anauchomoa kwa yule aliyeulalia usingizi, anauleta, na kwa mujibu wa aliyekaa naye dawati moja, ambaye leo ni bibi wa wajukuu sita na ndiye aliyetunza ukurasa wa pili, katika mwaka ule hakuna mwanafunzi aliyewahi kujibiwa kwamba ukurasa haupo. Alimaliza sekondari mwaka 1983, akafundisha kwa muda, akaingia chuo kikuu Septemba 1986 kusoma hesabu, na akahitimu mwaka 1990.

Kazi aliianza mwaka huohuo katika chumba cha kompyuta cha ofisi ya takwimu, akakaa huko miaka kumi na zaidi, na tarehe 2 Aprili 2001 akahamia kampuni aliyoitumikia hadi alipostaafu kwa sababu ya maradhi mwezi Machi 2024. Kwa wale wasiojua alichokuwa akifanya, ambao ni wengi, na mimi nilikuwa mmoja wenu hadi Jumatatu, rafiki yake wa ofisini tunayemwita Kiraka, mtunzaji wa ukurasa wa tatu, amenieleza mara nne, na mara ya nne nimeelewa. Kompyuta moja kubwa hubebeshwa ndani yake kompyuta nyingi za kufikirika, zinaitwa mashine pepe, na kila moja huamini kwamba kumbukumbu iliyoahidiwa ni yake peke yake, ilhali ukijumlisha ahadi zote kumbukumbu haitoshi hata nusu, kwa hiyo kumbukumbu hukatwa vipande viitwavyo kurasa, na kurasa zisizotumika hupelekwa kwenye diski, na siku mashine inaponyoosha mkono kuchukua ukurasa ikakuta pengo, yupo msimamizi, programu inayokaa chini ya mashine zote, naye huisimamisha mashine hiyo kidogo, huufuata ukurasa, huurudisha mahali pake, kisha huiachia iendelee palepale ilipofikia, wala yenyewe isijue kwamba ilisimama. Dada yetu ndiye aliyeandika sehemu hiyo ya kuleta. Wenzake huliita pengo hilo kosa, na vitabu vyao vyote vimeandika hivyo, lakini yeye alibishana nao miaka ishirini na mitatu, akisema mashine hiyo haijakosea kitu, imeomba, na anayeomba aletewe.

Familia imeafikiana nisifiche kwamba naye alikosea, tena mwenyewe ameliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Jumanne ya tarehe 14 Septemba 2004, saa nne asubuhi, mashine thelathini na moja zilisimama kwa pamoja, mojawapo ikiwa ile ya kupangia wagonjwa miadi katika hospitali moja, watu wakakaa kwenye foleni dakika hamsini, na sababu ni kwamba alikuwa amemwamuru msimamizi aondoe kila ukurasa uliokaa bila kuguswa, bila kuubagua wowote, msimamizi naye kwa utiifu akauondoa hata ukurasa wake mwenyewe, ule ulioandikwa ndani yake namna ya kuleta. Ukurasa ukaombwa, mletaji akaitwa, kumbe mletaji naye yuko diskini anasubiri aletwe. Wakati ofisi nzima inatafuta wa kumlaumu, alisimama juu ya kiti akasema, "Ni mimi, nimemwondoa mletaji," kisha alipokwisha kuzifufua akaenda kwa miguu hadi hospitali kuwaomba radhi waliokuwa kwenye foleni, ambao hawakuelewa hata neno moja, ila mzee mmoja alimhurumia akasogea ampishe kwenye benchi, akidhani naye ni mgonjwa. Tangu siku hiyo ukutani juu ya meza yake palikuwa na karatasi yenye maneno mawili, Mletaji haondoki, na Kiraka anasema bado ipo na hakuna atakayeigusa.

Hatua ya nne ni ndoa, na hapa kadi haina jina la mtu, imeandikwa hivi tu, "Haupo. Uombwe." Kwa hiyo ukurasa huo tutaungoja, nami nitawapa yale ambayo kila mtu anayajua. Marehemu alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1992 katika ofisi ya msajili, na shemeji yetu, mpima ardhi kwa kazi yake, mtu aliyepima viwanja vya nusu ya mji huu na hajawahi katika maisha yake kumwuliza mtu njia, alitakiwa kufika saa nne akafika saa sita kasoro dakika ishirini, kwa kuwa alipita mbele ya ofisi ile mara tatu bila kuitambua. Bibi harusi alimwona dirishani mara zote tatu, akawazuia watu wasimwite, akitaka kuona kama ataomba kuelekezwa, hakuomba, ikabidi atoke mwenyewe na gauni lake hadi katikati ya barabara akamshike mkono. Shemeji, nisamehe, lakini hata wewe unacheka.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1994, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1997, ambaye ni muuguzi, na ukurasa wa tano ameugawa nusu kwa nusu, kila mmoja ana kipande chake, ili wasikae miezi bila kutafutana. Wanasema mama yao hakuwapa kitu wasichokiomba na hakuwanyima walichokiomba kwa adabu, isipokuwa pikipiki.

Kwa baba yao mambo yalikuwa tofauti, na hilo lazima lisemwe leo. Shemeji alikuwa radhi kutafuta soksi saa nzima kuliko kuuliza ziko wapi, alivaa shati lisilo na kifungo na jirani yetu fundi cherehani yuko ukuta kwa ukuta, na kila mara dada alimwahi, miwani imeletwa kabla haijatafutwa, dawa ya presha iko kando ya kikombe. Marehemu alipoanza kuugua moyo mwezi Novemba 2023, akalazwa mara tatu, na madaktari walipomweleza bila kuzunguka kwamba moyo umechoka, hakulia kwa ajili yake mwenyewe, alimwambia muuguzi mkuu wa wodi, aliyetunza ukurasa wa sita, kwamba hofu yake ni moja, mwanaume yule ataishije. Alifariki Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani, shemeji akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi minne na siku mbili.

Tulianza kukusanya kurasa Jumatatu, ule wa saba ninao mimi, zikapatikana zote isipokuwa wa ndoa. Niliuliza mimi, waliuliza watoto, fundi cherehani nilimwuliza mara mbili, akanitazama usoni, akasema hilo ni swali zuri, akaendelea kupima kitambaa. Shemeji hakumwuliza mtu. Alipekua kabati, akageuza magodoro, akafungua jokofu, akapanda darini na ngazi yake ya kazi, siku tatu nzima, na sisi tukamwangalia kwa uchungu. Alhamisi asubuhi, kama wengi wenu mlivyoona, alitoka nje akiwa amevaa soksi za rangi mbili, akasimama mbele ya kiti cha kwanza pale uani, akasema, "Naomba ukurasa wa mke wangu. Sijui uko wapi." Akaenda kiti cha pili, akarudia, cha tatu, akarudia, na alipofika kwa mtu wa kumi na mbili, ambaye ni fundi cherehani, huyo aliinuka, akaingia kwake, akavuta droo ya mashine yake, akarudi akampa bahasha, akasema aliagizwa asimpe mwingine yeyote, hata tukilia.

Ukurasa wa nne, basi, umeletwa, na shemeji ameruhusu usomwe: "Mume wangu, kama unausoma huu, umeomba, na hukufa. Miaka yote hii nilileta kabla hujaomba, na hilo ni kosa langu la pili, kwa sababu mletaji hatakiwi kuondoka, na mimi naondoka. Nimekuwekea hawa wote waliokaa mbele yako. Fundi atashona vifungo, watoto wanajua dawa, shemeji yako anajua barabara. Waombe. Nilikupenda hata ulipopita mara ya tatu. Soksi ziko droo ya chini, kushoto."

Ukurasa wa saba ni shukrani, nazo ni zake na zetu, kwa madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli na bado wakamchekesha, kwa majirani walioleta viti, maji na vyakula bila kusubiri kuombwa, kwa Kiraka na wafanyakazi wenzake wote, na kwa fundi cherehani kwa ukatili wake wa siku tatu. Mwisho, shemeji yetu ameomba, nalirudia neno hilo, ameomba, kwamba tukitoka makaburini mtu amwonyeshe njia ya kurudi nyumbani, kwa kuwa barabara ya huku imebadilishwa, na mpaka naandika haya tumejitokeza wanne na tunagombana.

Pumzika sasa, dada. Kurasa zote saba tunazo, na yule uliyemhofia ameshajifunza kuomba.