Marahaba ya Mzee Tumainieli

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Tumainieli Mgonja wa kijiji cha Suji, mpiga mizinga wa Vita vya Kagera. Tumemzika wiki iliyopita. Mpiga mizinga, wasikilizaji. Masikio yake aliyaacha vitani.

Alirudi na mlio kichwani usiokatika. "Ni nyenje," alimwambia mkewe, Bibi Eva. "Wamehamia humu, na kodi hawalipi." Bibi Eva akazoea kupaza sauti. "Siri za nyumba hii zilifika mpaka kijiji cha Mamba," anasema. "Na yeye bado aliniuliza, mbona unanong'ona?"

Mzee aliiomba serikali jambo moja. Ikubalike kwamba masikio yaliharibikia kazini, apewe vifaa vya kusikilizia. Alitaka, kabla hajafa, amsikie mkewe akizungumza taratibu. Hilo tu.

Miaka ikapita. Mwishowe akaitwa kupimwa. Binti yake, Honorata, akamsindikiza. Daktari kijana akainama kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaiona ile adabu. "Marahaba, mwanangu."

"Habari za Suji?"

"Nzuri tu."

"Na mama hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu."

Salamu zetu zina mpangilio wake. Nani asingejibu hivyo hata akiwa usingizini?

Daktari akacheka. "Mzee, unasikia kuliko mimi!"

Honorata akamsihi: "Dokta, hajasikia. Hizo ni salamu tu. Simama nyuma yake, umwite."

"Dada, kuna watu wengi hapo nje."

Ombi likakataliwa. Sababu: anasikia na kujibu vizuri. Wasikilizaji wapendwa, Mzee Tumainieli hakupimwa. Alisalimiwa.

Tangu siku hiyo watoto wakimwamkia, alikaa kimya. Suji nzima ikashangaa. Mzee mpole kama yule!

Kwenye mazishi, ofisa mmoja akashika kipaza sauti: "Shujaa wetu, taifa linakushukuru." Bibi Eva akamjibu palepale, "Mngempa masikio kwanza, baba, ndipo mseme naye."

Honorata amekata rufaa. "Baba hatafaidika," ameniambia. "Lakini wameandika kwamba alikuwa anasikia. Nataka wafute." Mimi naamini watafuta.

Pole sana, Bibi Eva. Pole, Honorata, na ukoo wote. Nasi tujiulize jioni hii: ni wazee wangapi tumeondoka milangoni kwao tukiamini hawajambo, kwa sababu tu walitujibu hivyo?