Mama Brandon na Homa Ambayo Haikuja

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Bi. Philister Wambura, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Brandon, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu ya damu hapa Plymouth. Kazini watamuaga kwa Kiingereza. Haya ni maneno yetu sisi Waafrika Mashariki wa maabara, ya kusomwa kwenye sherehe yetu kanisani, Columbia Heights.

Mama Brandon ni mzaliwa wa Musoma. Alianza kazi dirishani, akipokea sampuli. Alisoma jioni, akawa mtaalamu wa maabara, na kwa miaka mingi sasa amesimamia meza inayopima protini za kinga ya mwili. Muda wote huo hatujawahi kumwona akiliamini jibu la kwanza. Maziwa ya kwenye friji ya wafanyakazi huyanusa hata kama kayanunua mwenyewe. Utabiri wa hali ya hewa huusikiliza, kisha hutoka nje kuhakikisha. Tulipokuwa wageni tulidhani anatushuku sisi. Baadaye tukaelewa kwamba anashuku kila kitu, na yeye mwenyewe yumo.

Protini aliyoishuku kuliko zote ni interleukini-6. Kwa msiofanya kazi nasi, huyu ndiye mpiga mbiu wa mwili. Vijidudu vikiingia, seli za kinga huitoa, ini hupata habari, joto hupanda, mwili mzima unaamka kupigana. Hiyo ni kazi yake njema. Lakini ikiendelea kupiga mbiu wakati adui hayupo, mwili hujishambulia wenyewe, viungo vikavimba na kuuma. "Sauti yake ni ile ile, iwe kweli au uongo," hutuambia. "Muulizeni mara mbili."

Kuna majira ya baridi ambayo damu za wazee wa mji jirani wa Champlin zilianza kuja na interleukini-6 ya juu, tena siku za baridi kali tu. Mashine ilikaguliwa, haikuwa na kosa. "Wazee wote waugue siku moja, wapone siku moja? Labda wana kikao," alisema Mama Brandon, akachukua koti na kupanda gari la Byamungu, dereva wetu Mkongomani. Humo akaliona boksi la damu limewekwa mbele, juu ya kipasha joto.

"Mama, baridi iko mingi," Byamungu alijitetea. "Niliionea ile damu huruma, nikaiweka kwa shofaji."

Damu ambayo haijazungushwa kwenye mashine ya kutenganisha seli bado ina seli hai. Zikikaa kwenye joto njia nzima, huendelea kutoa protini humo humo chupani. Wazee hawakuwa wagonjwa, walikuwa wameonewa huruma. Mpaka leo Byamungu akimwona Mama Brandon kwenye maegesho hufungua mlango wa gari bila kuulizwa, akaguliwe.

Ninayeandika haya nina sababu yangu pia. Marehemu mume wangu, Gilbert, alikuwa na baridi yabisi ya mikono. Alipoanza kuchomwa dawa inayoizuia interleukini-6, vidole vilirudi kufanya kazi. Alikuwa akimenya chungwa ganda likatoka zima, kisha analivika tena lile chungwa na kunipa kana kwamba halijaguswa.

Majira ya baridi ya 2022 alilegea, akapoteza hamu ya kula. Sikuhofu, kwa sababu hakuwa na homa. Nililitaja hilo wakati wa chai, na Mama Brandon akaweka kikombe chini.

"Kwa nini hana homa, Lynette?"

"Si ni vizuri, dada?"

"Mpiga mbiu mmemziba mdomo. Nani atapiga kelele mwizi akiingia? Mpeleke leo."

Ilikuwa nimonia, na ilikuwa imeenea. Alitibiwa, akarudi nyumbani, na tukaishi naye miaka mingine.

Februari mwaka huu Gilbert alifariki ghafla. Daktari alisema ni moyo. Watu walikuja, wakasali, wakaniambia hakuna ambacho ningeweza kufanya. Niliwashukuru wote na sikumwamini hata mmoja. Nilikuwa nimeona ule ukimya wa mwili usiotoa homa mara moja, na sasa niliogopa kwamba umekuja tena ndani ya nyumba yangu nami sikuutambua. Nilimuuliza Mama Brandon kwa sababu nilijua hatanidanganya kunifariji.

Hakunifariji. Alikuja nyumbani, akauliza. Alikohoa? Pumzi je? Alichomwa sindano lini? Kidonda chochote mguuni? Maswali mengine yaliniuma. Kisha akanisindikiza kwa daktari aliyeuchunguza mwili, akamuuliza juu ya mapafu, figo, na damu, mpaka yule daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavuta kiti akakaa. Mapafu yalikuwa safi. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba.

Tulipoingia garini hakuliwasha.

"Lynette, mdogo wangu, nimetafuta. Maambukizi hayakuwepo. Hukupitwa na kitu."

Wengine walikuwa wamenipa maneno hayo kabla ya kutafuta. Yeye alikuja nayo baada ya kushuku kila mahali, mimi nikiwemo, na ndiyo maana nimeweza kuyashika.

Mama Brandon, asante kwa ukali wako. Brandon na wajukuu wakufaidi sasa. Mungu akupe miguu yenye nguvu, usingizi mzuri, na siku nyingi za kukaa na watu unaowapenda. Nilipewa baadhi ya siku hizo kwa mkono wako. Nakuombea wewe upewe zaidi.

Lynette, kwa niaba ya wenzako wa maabara