Msizioshe kwa Maji Safi

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mkuu wa Kituo. Wazee wa Karatu na wa huku juu Ngorongoro. Wafanyakazi wenzangu, na akina mama mliopika tangu alfajiri: nawasalimu kwa heshima zote.

Kabla sijafika mbali, Ndugu Katibu Tarafa, naomba usinywe kilichomo kwenye chupa iliyo mbele yako. Si sharubati. Nimeona umeitazama mara mbili, na jua la leo ni kali. Hayo ni maji ya ziwa la magadi lililo chini kwenye kreta, nayo yamekuwa mekundu kwa sababu ya viumbe hai waliomo, wadogo kiasi kwamba hata tukiazima miwani ya wazee wote waliopo hapa hatutawaona.

Wasemaji walionitangulia, katika kuniaga leo ninapostaafu, wamenisifu kwamba kwa miaka kumi na miwili sikukosa kazini bila ruhusa hata siku moja. Ni kweli, na nashukuru. Ila hakuna aliyeuliza kama nilikuwa na pengine pa kwenda.

Nilikuja hapa kwenye kituo cha utafiti mwaka sabini na nne, nikitokea zahanati, ambako nilikuwa dresa, mfunga vidonda. Dokta Marsela, msomi kijana kutoka Dar es Salaam, alihitaji mtu wa kumsaidia kuteka maji ya ziwa na kutunza viumbe hawa kwenye chupa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee Sylvesta, maji haya yakikuingia machoni utalia siku nzima. Kwa nini hawa wanastawi humo?" Jibu lake ndilo alilokuja kulitafuta.

Nami wiki ya pili nikaharibu kazi. Zahanati ilinifundisha kwamba kila kitu huoshwa kwa maji safi, tena yaliyochemshwa. Nikawaonea huruma wale viumbe kwa kukaa kwenye uchafu ule unaonuka. Nikamwaga magadi ya juu, nikawatilia maji ya mvua, safi, ya kunywa. Kabla sijaweka kizibo walikuwa wamepasuka wote. Chupani ukabaki ute unaovutika kama mlenda.

Nilijua nimefukuzwa. Dokta akamimina spiriti ya baridi taratibu juu ya ule ute, akachovya kijiti cha kioo na kukizungusha. Kikatoka kimezungukwa na nyuzi nyeupe, nyembamba. "Tazama, mzee," akasema. "Huu ndio uzi wa urithi wao. Maagizo yote ya kuishi kwenye magadi yameandikwa humu." Ndugu zangu, niliwaua kwa wema wangu, na ndipo nikaonyeshwa siri yao. Tangu siku hiyo sijawahi kumwonea huruma mtu au mdudu kabla ya kumuuliza anaishi vipi.

Mwaka sabini na nane akaniambia wenzake wa ng'ambo wamesoma maandishi ya viumbe wa namna hii, wakakuta si jamaa wa vijidudu tunavyovijua. Ni ukoo wa peke yao, uliojitenga zamani mno. Alikuwa na furaha siku ile hata akasahau kula.

Mwaka uliofuata akaenda masomoni. "Nitunzie hawa miaka miwili tu, mzee wangu. Nikirudi tutasoma uzi wao sisi wenyewe, hapahapa." Barua zilikuja nne. Ya mwisho ni ya mwaka themanini na moja. Sijui yaliyompata, na simlaumu.

Nikabaki mimi na chupa kumi na mbili. Mlikumbuka kunipa mshahara, lakini ni nani kati yenu aliyeingia chumba kile akauliza tunaendeleaje? Aliyekuja ni Ngoitiko, yule pale nyuma, kila alipoteremsha ng'ombe kulamba magadi. Huketi, akatazama, akasema, "Sylvesta, mimi zangu nahesabu. Wewe zako unajuaje kama zimerudi?" Namwambia, "Kwa rangi." Anacheka, anaondoka, na chumba kinakuwa kimya tena.

Mke wangu Bernadina alikuwa shambani kule Karatu. Miaka ile ya shida aliponiona nachuja supu ya nyama kuwapelekea wadudu, alisema, "Baba Clemensi, na sisi tugeuke wekundu ndipo utulishe?" Alifariki mwaka themanini na tatu. Siku ya nne baada ya mazishi nilipanda juu, watu wakanong'ona juu yangu. Nilirudi kwa sababu Clemensi alikwisha kuhama na nyumbani hakukuwa na aliyeningoja, na huku walikuwepo.

Leo mmenipa blanketi na redio. Nawashukuru sana, redio itazungumza nyumbani. Lakini nimeisoma pia barua iliyobandikwa mlangoni: kuanzia kesho chumba kile ni stoo ya saruji, na chupa zitaoshwa zitumike kwa mafuta ya taa. Ndugu Mkuu wa Kituo, amri ni yako na sibishani nayo. Kuna anayetaka kuzitunza? Sioni mkono, na sishangai.

Basi naomba jambo moja. Msizioshe kwa maji safi. Zimwageni kwenye sinia, muyaache maji yakauke juani. Chumvi itawafunika, nao watalala ndani yake. Nimekwisha kujaribu: bonge la chumvi alilokausha Dokta kabla ya kuondoka nililitia kwenye magadi mwezi uliopita, na baada ya wiki tatu maji yakawa mekundu. Wamengoja miaka saba bila supu na bila mtu.

Lifungeni kila bonge kwenye karatasi, mwandike jina la Marsela. Moja nitalichukua mimi. Wao kungoja wanakuweza. Mimi ndiyo naanza kujifunza kesho.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu leo.