Upande wa Pili wa Shamba la Bi Mwanahija

Assalaam alaykum mashehe, wazee wetu, majirani na ndugu mliofika hapa Msata. Familia inawasomea maisha ya mama yetu, Bi Mwanahija Ishaka.

Marehemu alizaliwa Dunda, Bagamoyo, tarehe 1 Julai 1958 kwa mujibu wa kitambulisho, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba alizaliwa wakati wa masika, na hatukupata wa kumuuliza. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akauza vitumbua sokoni, na tarehe 12 Machi 1977 akaolewa na marehemu Abdillah Ausi, aliyemleta huku kulima, wakajaaliwa watoto wawili, Rajabu na Hajra.

Mwezi huu mvua ilipokatika, mahindi yakiwa usawa wa magoti, nayo ndiyo chakula cha nyumba, marehemu aliingia shambani akaanza kuyang'oa yakiwa mabichi, mstari mmoja anaung'oa, mmoja anauacha, na yaliyong'olewa akayalaza chini kuufunika udongo usikauke. Mtani wake, Bi Kuruthumu, alimwambia kuwa jua limemwingia kichwani, naye akajibu kwamba mtungi mmoja haukogeshi maharusi wawili, yaani maji yaliyobaki ardhini hayatoshi mistari yote. Hajra, aliyezoea kumwona mama yake akigombana na mbuzi kwa jani moja, hakujua acheke au amzuie.

Tarehe 24 Aprili alianguka akiwa amefika nusu ya shamba, presha imepanda, akapelekwa hospitali Bagamoyo, ambako alimwita Hajra kwa jina la bibi yake, kisha akamshika mkono akasema, "Malizeni upande wa pili, msiningoje." Alifariki Jumapili, tarehe 27 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Hajra hajui kama yale yalikuwa maarifa au maradhi, maana daktari alisema huenda presha ilianza kitambo, na jana alasiri alipokwenda kutazama, majani ya mahindi pande zote mbili za shamba yalikuwa yamejikunja kwa kiu. Rajabu anataka yaachwe, na mila yetu hairuhusu kushika jembe mpaka tanga liondolewe, lakini mahindi hayana tanga. Wazee waliulizwa, wakanong'onezana kwa muda, wakasema kung'oa kwa mkono si kushika jembe. Basi wanaume wakirudi kutoka makaburini, Hajra ataingia upande wa pili, hana hakika anamtii mama au anayatii maradhi, na atakayemsaidia aje mikono mitupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na wanawake wenzake wa kikundi cha kunde.

Pumzika katika rehema za Mola, mama. Kazi tunaiendea.