Dada Yetu Rudia na Kipimo cha Dawa ya Moyo

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na mama yetu, ambaye tuko naye hapa. Mimi ni kitinda mimba. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu nina ombi lisiloweza kungoja.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1992 alihitimu shahada ya biokemia, na mwaka 2001 akapata ya uzamivu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Akishafunga mlango, anarudi kuusukuma. Wanafunzi wake walimpa jina la Rudia, maana hakupokea jibu la kipimo bila kusema, "Haya, rudia." Alilijua jina hilo na aliliitikia.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Asubuhi ya harusi alimpigia simu kumuuliza kama ana hakika. Baada ya muda akapiga tena. Shemeji akamwambia, "Hakika ninayo, lakini ukiuliza mara ya tatu nitaanza kuogopa." Walijaliwa watoto wawili.

Kazi yake ilikuwa katika maabara ya ghorofa ya pili ya taasisi ya utafiti, kwenye chumba chenye majokofu yasiyonyamaza. Huko alitengeneza vipokezi vya bandia, yaani vitu vidogo mno vya kunasa dawa moja tu ndani ya damu. Mama alitaka kujua vinaitambuaje. Akamweleza, "Mama, ukikanyaga saruji mbichi unyayo unabaki, si ndiyo? Basi mimi naizungushia dawa plastiki, halafu naiosha itoke. Pale ilipokuwa panabaki shimo la umbo lake." Mama akaguna. "Kwa hiyo miaka yote hii tumekusomesha ukachimbe mashimo." Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Vipokezi hivyo vilizaa kipimo cha mkononi kwa wagonjwa wa moyo. Dawa yao ikipungua haisaidii, ikizidi ni sumu. Mgonjwa alijichoma kidole nyumbani, akakitilia tone la damu, akasoma namba, akaongeza au kupunguza dawa kama daktari alivyomwelekeza. Mwaka jana wagonjwa wa majaribio walipewa vipimo hivyo waende navyo nyumbani, na dada akawa hana raha.

Januari mwaka huu figo zake zilianza kushindwa, na moyo ukafuata. Aliandikiwa dawa ile ile. Alipojipima kwa kipimo chake, kilionyesha dawa ni kidogo. Hospitali ikapima damu hiyo hiyo, ikakuta dawa imezidi. Alirudia, jibu halikubadilika. Hapo akaelewa kosa lao, yeye na wenzake wa maabara. Walikuwa wamekijaribu kwa damu ya wanafunzi na wafanyakazi wa maabara, watu wenye figo nzima. Kwa mtu mwenye figo mbovu, uchafu uliobaki kwenye damu huyajaza yale mashimo, na dawa hukosa pa kuingia. Kipimo kilikuwa kinamwambia mgonjwa aongeze dawa iliyokwisha kumzidi.

Alisimamisha majaribio akiwa kitandani. Hospitali ikaanza kuwatafuta wagonjwa mmoja mmoja, na kila simu isiyopokelewa ilimtoa jasho. Niliogopa kumtazama usoni. Siku moja aliniambia, "Tangazo la redio watu wanazima. Wasifu wa marehemu hawazimi. Hapo ndipo utakaposema." Nilimwomba asiseme hivyo. Akasema, "Wewe utasema au husemi?" Nikamjibu nitasema. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Sasa nasema. Wagonjwa wake wengi wamekuja leo, na wengine wana majirani waliopewa kidude hicho cheupe cha kujipimia. Usikitumie tena. Usibadilishe dawa kwa namba yake. Mwanafunzi wake amesimama pale langoni pamoja na muuguzi. Ukimjua mtu aliye nacho, nenda kamwambie sasa hivi, hata kabla sijamaliza kusoma. Hakuna atakayekuona umekosa adabu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mama, mimi mdogo wake, na wagonjwa wawili waliohama, ambao mpaka asubuhi ya leo hatujawapata. Mungu amlaze mahali pema, na hao wawili atuonyeshe walipo wakiwa bado hai.